Keria ya Mama Pasi

Katika nyumba ile ya wapangaji, meza ya kupigia pasi ndiyo pekee iliyokuwa na miguu yote minne, na kwa sababu hiyo kila jambo zito lilikuja kuamuliwa juu yake. Ilikaa chumba cha mbele, mlango ukitazama barabara, imefunikwa blanketi la kijivu lililoungua kwenye kona moja. Alama ya kuungua ilikuwa na umbo kamili la pasi, pua nyembamba na makalio mapana. Mwenye meza, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, aliliunguza blanketi hilo siku mdogo wake, Kipusa, alipopanda lori kwenda kazini kwenye kambi ya chumvi. Alitoka mlangoni kumpungia mkono, akapunga mpaka lori likapinda kona, na aliporudi ndani moshi ulikuwa umeshajaa chumbani. Hakununua blanketi jingine.

Jioni moja, akiwa amemaliza mashuka ya nyumba ya wageni, alichukua chaki ya kukatia nguo akachora mstari juu ya blanketi, kuanzia ukingo wa meza ulio upande wa barabara mpaka kwenye ile alama.

"Hapa ni sisi," akasema. "Na hapa ni Kipusa. Nataka nikamfuate kwa baiskeli."

Waliokuwepo walikuwa watatu, wale wale wa kila jioni. Fundi Spoku alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli ubavuni mwa nyumba, na alipenda kunywa chai ya watu. Dereva, mzee wa chumba cha uani, aliwahi kuendesha malori ya chumvi mpaka mgongo wake ukakataa. Shangazi Redio wa chumba cha juu hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Aliitwa hivyo kwa heshima, na Redio kwa sababu habari haikuwahi kulala tumboni mwake hata usiku mmoja. Yeye naye alikuwa na mtoto wa kiume huko kambini. Hakuna aliyecheka. Shangazi Redio aliuliza tu kama Mama Pasi atavaa suruali.

"Nitavaa suruali."

"Basi nitakuazima ya marehemu. Ni pana, haitakubana."

Nyuma ya pazia alilala mama yao, Bi Mkubwa, ambaye moyo wake, kwa maneno ya daktari, ulikuwa umechoka. Bi Mkubwa hakulia wala hakulaumu. Alisema tu kwamba angependa kumwona Kipusa kabla hajafunga macho, na alilisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe, baridi inaingia.

Njia nyingine hazikuwepo. Basi lililokuwa likikatiza nyika kavu liliondolewa kwa kuwa lilikuwa halilipi. Malori ya kampuni yalipita mbele ya nyumba kila wiki, lakini yakitoka kambini yalijaa chumvi, na milangoni yaliandikwa kwa rangi nyekundu HAKUNA ABIRIA. Wakati wa kwenda, miaka ile ya kuandika watu kazi, malori hayo hayo yalifungwa mabenchi na watu wakapanda wakiimba. Simu ya kambi ilikuwa moja, ofisini kwa msimamizi, nayo ililia mpaka ikachoka. Chumvi ilikuja vizuri. Ilikuwa kwenye kila duka la mtaa, kwenye pakiti yenye picha ya lori.

"Na kurudi?" Bi Mkubwa akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Kurudi ni mstari huo huo, Bi Mkubwa," Dereva akajibu. "Unageuza tu usukani."

Nyumba ile ilikuwa na bomba moja na choo kimoja kwa vyumba vyote, na amani ilidumu kwa sababu ya kanuni moja: jambo halijapita mpaka kila aliye mezani ameipiga meza kwa kiganja. Asiyepiga halazimishwi, na jambo linalala mpaka kesho. Zamu za maji zilipita hivyo, na siku za kufua, na hata ndoa moja ya chumba cha kati, ambayo ilichukua mwezi mzima kwa sababu ya mpangaji mmoja aliyekuwa na kinyongo. Kwa hiyo jioni ile Dereva alieleza kipande cha kwanza cha njia, kutoka mtaani mpaka kwenye tangi bovu la maji ambako lami inaishia. Wakakipima kwa macho, wakajadili jua, wakapiga meza. Pasi ikatikisika kidogo.

Asubuhi Mama Pasi alishuka kitandani kwa shida. Mapaja yalikuwa magumu kama mbao, midomo imepasuka, na pua imeungua na jua. Baiskeli ilikuwa pale pale kwenye ukumbi, imefungwa kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha kama alivyoiacha, lakini vumbi lilikuwa limeipanda mpaka kwenye ekseli na kokoto zimekaa kwenye meno ya tairi. Fundi Spoku aliitwa. Akaiinamia, akalizungusha gurudumu la nyuma, akasikiliza.

"Umeiendesha na upepo mdogo," akasema. "Utanikatia spoku."

"Lami inaisha mapema kuliko alivyosema Dereva," Mama Pasi akajibu.

"Enzi zangu ilikuwa inafika tangini," Dereva akasema. "Kama wameila, mimi sihusiki."

Mama Pasi akanywa maji, akawasha pasi, akaanza mashati ya walimu. Bi Mkubwa alimwuliza kutoka kitandani amefika wapi. Akamwambia yuko kwenye tangi bovu. Bi Mkubwa akauliza kama kuna kivuli. Akamwambia kipo kidogo, upande wa magharibi, na mbuzi wamekiwahi.

Jioni ya pili Shangazi Redio alitaka njia ipitie mto uliokauka, kwa kuwa mchanga wa mto ni laini. Dereva akasema mchanga laini ni wa kulalia, si wa kuendeshea. Hakupiga meza. Asubuhi tairi zilikuwa safi na Mama Pasi aliamka hana maumivu mapya.

"Kumbe tukibishana, huendi," Fundi Spoku akasema.

"Basi leo tena mbishane," Mama Pasi akasema. "Niunyooshe mgongo."

Walibishana siku hiyo kwa kumhurumia, na kesho yake wakaendelea na safari. Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa kila mtu, hasa kwake. Watu waliokaa kwenye vigoda na chai mkononi walikuwa wepesi wa kukubali. Fundi Spoku alitaka kujua tairi mpya ya nyuma inastahimili vipi, akapendekeza njia ya mkato kwenye vichaka vya miiba, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anataka kwenda kulala, meza ikapigwa. Asubuhi tairi ilikuwa na miiba kama nungunungu, na miguu ya Mama Pasi ilikuwa na mikwaruzo kuanzia magotini kushuka chini.

"Wewe unapita kwa chaki," alimwambia Fundi Spoku, akimwonyesha. "Mimi napita kwa miguu."

"Lakini tyubu haikutoboka?"

"Haikutoboka."

"Basi nashukuru," Fundi Spoku akasema, na alimaanisha.

Jioni nyingine ilijadiliwa habari ya maji. Shangazi Redio alisema dumu moja linatosha, maji ni mzigo, na marehemu mumewe alikuwa anakaa kutwa nzima bila kunywa. Ikapita. Asubuhi Mama Pasi alitoka na ulimi uliovimba, akainama kwenye bomba la uani akanywa mpaka waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao wakaanza kuguna. Baada ya hapo hakuna aliyefanya mzaha na maji. Walijifunza kuuliza kivuli kiko wapi saa ya mchana, kisima kipi kina kamba, na upepo unageuka wakati gani. Katika mambo ya kwenda, meza ile ikawa na akili kuliko ofisi nyingi.

Tatizo likawa vifurushi. Shangazi Redio alikuwa ameshatangaza, na karibu kila nyumba ya mtaa ilikuwa na mtu wake kambini. Watu wakaanza kuja na vitu vya kupeleka. Pale mtaani, mtu anayesafiri hakatai kifurushi. Anaweza kukataa kualikwa, anaweza hata kukataa kuolewa, lakini kifurushi anapokea, na anasema hakina uzito hata kama kinamkunja mkono. Ikaja sweta. Ikaja miwani ya kusomea yenye mkono mmoja, ikaja dawa ya kuchua, sabuni, kinanda cha mdomo, picha za watoto waliozaliwa baada ya lori kuondoka. Fundi Spoku akaunga vyuma kwenye keria ili ibebe zaidi. Na kila aliyeleta kifurushi aliona ni haki yake kukaa mezani, na aliyekaa mezani alikuwa na kiganja cha kupiga.

Chumba kikajaa. Watu walikaa dirishani, kwenye magunia ya nguo chafu, juu ya ndoo zilizofunikwa. Birika halikushuka jikoni. Ukitaka kujua nani amegombana na nani, nani amenunua godoro kwa siri, ulikwenda kwa Mama Pasi jioni ukasikiliza huku njia ikipangwa. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kigoda chake akisinzia, viganja vimeota malengelenge ya usukani. Wateja wakaanza kulalamika. Mwalimu mmoja alirudisha shati na kusema kola ina vumbi jekundu. Mama Pasi akalikung'uta mlangoni, akalipiga pasi tena.

"Vumbi la wapi hili?" mwalimu akauliza.

"La visima vitatu. Jana nilikuwa hapo."

"Niliwahi kusikia maji yake ni ya chumvi."

"Ni ya chumvi," Mama Pasi akasema, akamkunjia shati lake.

Hatimaye chaki ikafika kwenye alama ya kuungua. Meza ikapigwa na viganja vingi hata huwezi kuvihesabu. Asubuhi keria ilikuwa tupu, kamba zake zimekunjwa vizuri na kufungwa kifundo ambacho Kipusa alifundishwa na mama yake. Mikono ya Mama Pasi ilikuwa myeupe kwa chumvi mpaka kwenye viwiko.

Watu walikuja mmoja mmoja kupokea habari, naye aliwajibu akiwa anapiga pasi. Aliyetuma sweta aliambiwa imefika, inamtosha. Aliyetuma miwani aliambiwa imemfaa mtu, ila si yule aliyetumiwa, kwa sababu yule amezikwa zamani kidogo, nyuma ya mabweni. Aliyetuma akauliza kama huyo mwingine anaitunza. Akaambiwa anaitunza, ameifunga uzi.

"Na wangu?" Shangazi Redio akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yupo. Meno ya mbele hana. Amecheka aliponiona, akasema Mama Pasi umevaa suruali ya baba."

Shangazi Redio akageukia ukuta kwa muda. "Na lango?" akauliza. "Wanafungiwa?"

"Hakuna lango," Mama Pasi akasema. "Wala ukuta. Ukitaka kuondoka unaondoka. Unaiangalia tu hiyo nyika, unarudi kukaa."

Kwa mama yake alisema machache. Kipusa amekonda. Kipusa anawasuka wenzake jioni, na kwa kuwa mafuta hakuna anatumia mate. Kipusa amesema subirini.

Jioni ile Dereva alichukua chaki kuchora kurudi, na ndipo walipoona kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kurudi. Walikuwa wamepanga kila kivuli cha kwenda. Kila mtu aliyepelekwa kambini na kampuni alipelekwa hivyo hivyo, kwa mpango mzuri wa kwenda, wenye mabenchi na nyimbo, na wao wenyewe mezani, bila kukusudia, walikuwa wamefanya kama kampuni.

"Haina shida," Fundi Spoku akasema. "Keria nimeiunga. Inabeba mtu mmoja."

"Kipusa anakaa nyuma," Mama Pasi akasema, akapiga meza.

Kiganja chake kilisikika peke yake. Fundi Spoku naye akapiga. Dereva akapiga. Kisha hakuna. Watu walitazama chai zao. Mikono ya Shangazi Redio ilikuwa mapajani, mmoja umeushika mwingine.

"Shangazi."

"Mama Pasi, mimi sina ubaya na Kipusa. Nimembeba mgongoni yule, alinikojolea kitenge changu kipya nikakifua nikacheka. Lakini nikiipiga hii meza, nimempiga mwanangu."

"Na mimi mume wangu," akasema mwanamke mmoja kutoka dirishani.

"Na mimi baba."

Dereva akasema jambo litalala mpaka kesho. Kesho yake likalala tena. Fundi Spoku alipendekeza keria mbili, akaenda kibandani kujaribu, na baiskeli ikanyanyua gurudumu la mbele kama farasi. Dereva akapendekeza wapige kura kwa njiti za kiberiti, lakini kila mtu alijiona ndiye atakayepata njiti fupi. Hakuna aliyegombana. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Waliendelea kuja, kuamkiana, kumwulizia Bi Mkubwa hali, kusogezeana sukari, halafu wanaweka mikono mapajani.

Kwa kuwa kurudi hakukupita mezani, Mama Pasi akabaki huko kambini. Na kambini anayekula lazima afanye kazi. Kila asubuhi aliamka na vidonda vipya kati ya vidole, na macho mekundu kwa mwanga wa chumvi. Siku moja pasi ilimponyoka, kwa bahati ikaangukia sakafuni. Bi Mkubwa alikuwa haulizi tena amefika wapi.

Dereva akavaa shati lililonyooshwa vizuri akampeleka Mama Pasi kwenye ofisi ya kampuni iliyo mjini. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. Alisema kambi ina kila kitu, na anayetaka kurudi anaruhusiwa kurudi kwa usafiri wake. Dereva akamwambia mama huyu yuko huko sasa hivi, usafiri anao, ila keria haitoshi watu wote, na lori lao linapita njia hiyo hiyo. Kijana akasema lori ni la chumvi. Akaomba kuona mikono ya Mama Pasi. Akaitazama mbele na nyuma.

"Glavu umerudisha?" akauliza.

"Sikupewa glavu."

"Ukipewa, urudishe," kijana akasema, akamwita aliyefuata.

Jioni hiyo, meza ikiwa imezungukwa na watu, pazia likasogea. Bi Mkubwa alitoka akishika ukuta. Hakuwa ametoka nyuma ya pazia tangu mstari wa kwanza kuchorwa. Watu wakampisha, akakaa kwenye kigoda cha binti yake, akatulia kwanza mpaka pumzi ikarudi. Kisha akaushika mkono wa Mama Pasi akaugeuza chini ya taa.

"Huyu mliye naye anakauka," akasema. "Nilikuwa na wawili. Mtanifanya nisiwe na hata mmoja." Akawatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama anayetafuta mahali alipoweka kitu. "Keria ije tupu. Asipakiwe mtu. Mrudisheni huyu peke yake."

Ilipita papo hapo. Viganja vilishuka kwa pamoja, vyote, na pasi ikaruka kwenye kibao chake. Hakuna jambo lililowahi kupita haraka namna ile katika nyumba hiyo, hata la kuzibua choo. Shangazi Redio alipiga kwa mikono miwili, halafu akaitazama mikono yake kama si yake. Kilichobaki kilikuwa kiganja cha Mama Pasi tu. Hakukishusha. Mama yake akakishika kwenye kifundo, akakilaza juu ya blanketi taratibu kama anavyolazwa mtoto.

Kurudi kulikuwa rahisi, baiskeli ikiwa nyepesi na upepo ukisukuma mgongoni. Mama Pasi aliamka yuko kwake kabisa, na vidonda vikaanza kufunga. Juu ya keria, kwenye chuma cha nyuma, palikuwa na alama nne za vidole, za chumvi, mahali ambapo mtu aliishikilia akikimbia nyuma ya baiskeli kwa kipande kirefu kabla ya kuachia. Fundi Spoku aliosha baiskeli yote akapaacha hapo.

Baada ya hapo jioni zilipungua watu. Wengine waliona aibu, wengine walikuwa na shughuli. Wale watatu waliendelea kuja, kwa sababu chai ilikuwa pale pale. Na jioni moja, walipokuwa wamekaa wakinywa chai, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Keria bado ni tupu?"

"Ni tupu, mama."

"Basi nichoreni mimi. Kwenda tu."

Mama Pasi akaweka kikombe chini. Alitazama miguu yake, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeacha kumuuma. Dereva alikuwa ameshachukua chaki. Shangazi Redio alipanda juu akarudi na mto wa kukalia, na njiani aliita watu, na watu wakaja, kwa kuwa kwenda hakukuwa na ubishi. Kila mtu alikuwa na la kuchangia. Bi Mkubwa apitishwe alfajiri kwenye miamba, mwanga usimwumize. Aachwe alale mchana kwenye tangi. Afungwe kitambaa puani kwenye visima vitatu. Maji yawe madumu manne. Na kwa kuwa mapaja ya Bi Mkubwa yalikuwa na nafasi na hayana kazi, wakampakata vifurushi vichache vidogo, visivyo na uzito.

Alisafiri vizuri. Asubuhi ya kwanza aliamka pua imebabuka, akalalamika kwamba binti yake anafunga breki ghafla. Asubuhi ya pili alikuwa na mchanga kwenye mikunjo ya shingo na njaa ambayo hakuwa nayo kwa miezi. Alimsimulia daktari aliyekuja kumpima kuhusu mbuzi wa tangini, waliokuwa wakaidi. Daktari akamsikiliza kifua na kusema hawezi kushauri safari, lakini kama ameshavuka miamba, basi.

Asubuhi ya kufika, Mama Pasi alivuta pazia akamkuta mama yake ameketi kitandani. Nywele zake nyeupe, ambazo zilikuwa zimeachwa timutimu tangu augue, zilikuwa zimesukwa mistari midogo iliyonyooka, inayoanzia usoni na kukutana kisogoni, kama Kipusa peke yake alivyokuwa akisuka. Kwenye kila njia kati ya mistari palikuwa na chumvi nyembamba kama unga. Bi Mkubwa alikuwa anazipapasa.

"Hapa sikioni amevuta sana," akasema.

"Mkono wake unauma siku zote, huyo."

"Nilimwambia. Akaniambia nitulie." Akalala chali kwa uangalifu, asiziharibu. "Mikono imekuwa migumu. Lakini ni yeye."

Alilala hivyo mchana kutwa, na kabla ya jioni moyo wake ukaacha kuchoka. Wanawake waliomwandaa hawakuzifumua nywele. Waliikung'uta chumvi mara moja, ikarudi, wakaiacha.

Walipomaliza kuzika, meza ikakaliwa kwa ajili ya Mama Pasi, ambaye alikuwa bado kule. Dereva akauliza kwa sauti ya taratibu kama kuna mtu ana wazo jipya kuhusu keria. Watu wakatazama mapaja yao. Mama Pasi hakusubiri.

"Ije tupu," akasema, akapiga yeye kwanza. Wote wakapiga.

Wiki hiyo lori la chumvi lilipita kama kawaida, likiwa limejaa, mlango umepakwa rangi upya na maandishi yanasomeka kwa mbali. Mama Pasi alikuwa mlangoni anakung'uta mashuka. Dereva wa lori alimpungia, kwa sababu alikuwa amemzoea sasa, anamwona huku na anamwona kule. Lilipopinda kona, Mama Pasi alirudi ndani akaikuta pasi pale alipoiweka, juu ya kibao chake.

Jioni Shangazi Redio alishuka. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango na kitu kilichofungwa gazeti, kidogo.

"Viatu," akasema. "Picha uliyoniletea ya maneno, ile ya meno... ulisema pia hana viatu."

"Sikusema."

"Basi nimeota. Lakini atakuwa hana." Akakigeuzageuza kifurushi. "Najua umechoka, mwenzangu. Havina uzito."

Mama Pasi alikitazama kile kifurushi, kisha meza, ambako mistari ya chaki ilikuwa imepigwa pasi mara nyingi mpaka ikaingia ndani ya blanketi na haifutiki tena. Akapokea. Kilikunja mkono wake kidogo.

"Kwenda?" akauliza.

"Kwenda," Shangazi Redio akasema, na kabla hajakaa akawa ameshaipiga meza.